Taa ya Kumtangulia Bibi

Wiki iliyopita mwanangu aliweka kazi yake ya skuli juu ya hita ya sebuleni ili ikauke. Ilikuwa nyumba ya karatasi, imeshikizwa kwa ile gundi nyeupe ya watoto, na ilipoanza kupata moto harufu yake ikanifuata mpaka jikoni nilikokuwa nakaanga vitunguu. Nikazima jiko, nikaenda kusimama mbele ya hita na mwiko mkononi. Mwanangu akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sikukasirika, nanusa tu. Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mzazi aliyeanza kuzeeka, akaihamisha nyumba yake.

Kwangu mimi gundi ile ikipata moto ni Barking, mashariki ya London, flati ya kupangishwa na kaunsili ya mtaa, ghorofa ya tatu, msimu wa baridi, na Bibi amekaa kwenye kiti chake. Wenzangu mliolelewa London na bibi aliyetoka Unguja mnakijua kiti hicho. Kila nyumba ilikuwa nacho, kina mto wake na kanga ya kufunikia magoti. Ila viti vya kwenu vilielekea televisheni. Cha Bibi kilikuwa ndani ya mlango wa mbele, kimeuelekea, na aliyetaka kupita pale alipita kwa ubavu. Wageni walidhani amekaa hapo kwa sababu ya hita iliyokuwa ukutani. Mimi pia nilidhani hivyo.

Bibi hakuwa akitoka. Siku aliyofika kutoka Unguja alizipanda ngazi zile polepole, lifti ikiwa mbovu kama kawaida yake, akaingia ndani, akavua viatu, na hakuvivaa tena. Hakwenda dukani wala kwa jirani wala harusini. Watu walimfuata yeye. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kutwa anawashika mikono wazee wa watu na kuwatembeza bustanini, na akirudi jioni anamkuta wa kwake pale pale alipomwacha asubuhi. Nilimwona mara nyingi akisimama mlangoni na koti lake, ufunguo bado mkononi, anamtazama mama yake. Alimwita Bi Mkubwa, kama wengi wa kwetu wanavyowaita mama zao, na hakuwahi kumshinda kwa neno lolote.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Daktari akaja nyumbani, Mwingereza wa makamo aliyefika juu hana pumzi, akaubonyeza mguu wa Bibi kwa kidole gumba na alama ya kidole ikabaki pale pale. Akamwambia Mama kwa Kiingereza kwamba bibi huyu hana ugonjwa wa kumzuia kutembea, lakini asipoanza kutembea sasa, baridi ya mwakani haitamkuta amesimama. Mama akamgeukia Bibi.

"Daktari anasema unyooshe nyooshe miguu kidogo, Bi Mkubwa."

"Inshallah," Bibi akajibu, akaifunika miguu kwa kanga.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, na lugha zote mbili nilizisikia. Mama alijua kwamba nimesikia, maana daktari alipoondoka alinituma nikalete maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Hapo ndipo nilipoamua. Mimi ni mkaidi tangu tumboni, aliyewahi kufanya kazi na mimi atawaambia, na ukaidi wangu wa kwanza wenye maana ulikuwa ule. Bibi atatoka, na mimi ndiye nitakayemtoa. Nilianza vibaya. Nilimwambia kuna mabata bustanini, akasema mabata ameshayaona. Nilimwambia kuna duka la Mhindi limeleta mbirimbi za achari, akasema Mama atapitia. Nilijaribu kwa Kiingereza, lugha iliyokuwa nyepesi zaidi mdomoni mwangu, na Bibi, ambaye alishaokota Kiingereza chepesi kwenye televisheni, alikuwa kiziwi kabisa nikikisema mimi. Ukitaka kitu kwa Bibi ulikuja na Kiswahili, tena cha adabu, la sivyo ungesimama mbele yake mpaka miguu yako nayo ivimbe.

Jawabu nililipata ndani ya hadithi zake mwenyewe. Bibi alikuwa katika watu wa mwisho wa wale wanawake wa mjini ambao mchana hawakuonekana njiani. Walitoka baada ya magharibi kwenda kutembeleana, na mbele yao alitangulia mtu na kandili. Akinisuka nywele alinihadithia yote: nguo zilivyofukizwa udi, buibui lilivyofungwa, na kandili lenyewe lilivyokwenda chini chini likimulika jiwe kwa jiwe ili bibi asikanyage maji machafu. Watu wa mtaani, kwa kuliona tu kandili linavyotembea, walijua ni bi nani anapita, wakageuza nyuso. Mwenye kulibeba alikuwa mtoto wa watu, alisema, na siku moja nilipouliza mtoto wa watu gani, alinivuta nywele akaniambia nitulie. Leo ningelirudia swali lile kwa nguvu zaidi, kwa sababu mtoto wa watu naye alikuwa na mama anayemngoja.

Baada ya mapinduzi wabeba kandili hawakuwapo tena, na kuanzia hapo aliyelishika alikuwa Mjomba Nassor, mwanawe wa pekee wa kiume. Hizo ndizo hadithi nilizozipenda. Mjomba alikuwa kijana mrefu, na alijifanya mtumishi kwa makusudi ili amchekeshe mama yake, anainama penye kila kizingiti, anasema, "Taa iko tayari, Bibi, nakungoja wewe." Mwenyewe sikuwahi kumwona. Nikiuliza yuko wapi, Mama alisema yuko nyumbani, na sisi kwetu nyumbani ilikuwa Unguja, kwa hiyo sikuuliza zaidi. Wala sikugundua, na ningegunduaje, kwamba hadithi za Bibi zote ziliishia mlangoni kwa wenyeji, kahawa inamiminwa. Hakuna hata moja iliyorudi nyumbani.

Basi nikajumlisha. Bibi hatoki kwa sababu mbili. Ya kwanza, mchana wa London umezidi. Kiangazi jua linagoma kuzama, na bibi wa usiku angengoja mpaka akasinzia. Ya pili, hana wa kumtangulizia taa. Sababu ya kwanza ilikuwa inajiondoa yenyewe, kwa kuwa baridi ilishaingia, na sisi tulikuwa tukitoka skuli taa za barabarani zimeshawaka. Magharibi iliingia kabla sijamaliza chai yangu. Niliona kwamba London ya baridi ni mji ulioumbwa kwa ajili ya Bibi yangu, na hakuna aliyemwambia. Ilibaki taa.

Nayo ikaja yenyewe. Katika bustani iliyokuwa nyuma ya majumba yetu paliandaliwa tamasha la taa katikati ya baridi, Ijumaa kwa ajili ya skuli na Jumamosi kwa watu wote. Mwalimu wetu, mwanamke aliyevaa glavu zilizokatwa vidole hata ndani ya darasa, alituletea vijiti laini vinavyopindika, akatuonyesha kuvifunga kwa utepe, halafu kuvivika karatasi nyembamba iliyochovywa kwenye gundi. Ndani unaweka mshumaa mfupi kwenye kifuniko cha bati. Wenzangu walitengeneza samaki, nyota, roketi, na mmoja alitengeneza kichwa cha mbwa wake. Mimi nilitengeneza kandili. Nililitengeneza kwa maneno ya Bibi, kwa sababu sikuwa nimeliona: tumbo la kioo, kofia ya juu, mkono wa waya wa kushikia. Mwalimu akaja akainama.

"Hii ni taa ya nini?"

"Ni taa."

"Najua, mpenzi, zote ni taa. Ya kwako ni ya umbo gani?"

"Umbo la taa," nikamwambia, na nadhani alikwenda zake akiamini nimekosa ubunifu.

Ijumaa tulipanga mstari kwenye geti la bustani. Giza lilikuwa limeshakamilika, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Nakumbuka tope lililopondwa na viatu, vitunguu vya kukaanga vya kwenye gari la soseji, nta, na gundi yetu ikianza kunuka kila mshumaa ulipoipasha karatasi moto. Ngoma zikaanza huko mbele na mstari ukaenda. Niligeuka nyuma, na moyo ulinipasuka kwa furaha. Watoto walikuwa mbele wameshika taa kwenye fimbo, na nyuma yao wanawake, makoti marefu mpaka miguuni, vichwa vimefungwa vitambaa na skafu, wanatembea taratibu wakiangalia wasikanyage maji. Ilikuwa ni safari ile ile ya Bibi. Waingereza nao wana jambo hili, nikasema moyoni, na mwaka mzima walitunyamazia. Nikawa nawatazama kwa hamu nijue mabibi hawa wanapelekwa kwa nani.

Hawakupelekwa kwa mtu. Mstari ulizunguka ziwa, ngoma zikanyamaza, tukapewa supu kwenye vikombe vya karatasi, halafu kila mama akamshika mwanawe na kila taa ikageuka ikaelekea kwao. Nilizitazama zikipanda mlima mdogo wa bustani, moja moja, zikarudi nyumbani. Nilitembea na mwalimu mpaka chini ya jumba letu, nimelikumbatia kandili langu, nimeshapanga kila kitu cha kesho.

Nililificha kwa Mama Jaspal. Huyu alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili kwenye ushoroba wa nje uliopita mbele ya milango yote, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kilimfanya Bibi acheke mpaka ashike mbavu. Alikuwa mtu pekee katika jumba lile aliyeingia kwetu bila ya hodi. Jumamosi alasiri nilimwambia Mama kwamba leo Bibi anatoka. Alikuwa na mapumziko, yuko jikoni anachambua mchele.

"Haya, jaribu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekataa kutumaini. Lakini baadaye nilimwona akivitoa viatu vya Bibi kabatini na kuvipangusa.

Giza lilipoingia nilikwenda kwa Mama Jaspal, nikaliwasha kandili, nikalileta kwa uangalifu kwenye ushoroba wa nje huku yeye akinifuata na shali yake kuona kitakachotokea. Nikabisha mlango wa kwetu. Mama akafungua. Bibi yuko kwenye kiti chake, ananitazama. Nikainama penye kizingiti, chini kabisa, nikasema nilichokuwa nikikikariri tangu asubuhi.

"Taa iko tayari, Bibi. Nakungoja wewe."

Nilipoinua kichwa niliona mkono wake umeikamata kanga ya magotini na hauiachii.

"Nani kakufundisha kuinama hivyo?"

"Wewe, Bibi."

"Zima hiyo taa, Rahma."

"Sizimi."

"Rahma, mwache bibi yako," Mama akasema.

Machozi yalikuwa yameshanitoka, lakini Kiswahili changu siku ile hakikukwama hata mara moja. "Sizimi. Daktari kasema usipotembea, mwakani hutosimama tena. Mama hakukwambia yote. Mimi nilisikia."

Bibi akamgeukia Mama. "Kasema hivyo?"

"Kasema, Bi Mkubwa."

"Na we ukanificha."

Bibi akaninyooshea mkono. "Lilete hapa." Nikamsogezea kandili. Akaligusa tumboni, palipokuwa na joto, akapitisha kidole kwenye mkono wake wa waya. "Ndilo lenyewe," akasema. "Hata mkono wake ulikuwa umepinda hivi." Halafu, huku taa ikimcheza usoni, akanihadithia hadithi moja ambayo sikuwahi kuisikia, nayo ilianza pale nyengine zilipokuwa zikiishia.

"Usiku huo Nassor alinipeleka kwa Bi Moza, alikuwa kafiwa. Kanifikisha mlangoni, kainama kama ulivyoinama. Kanambia, nakwenda nyumbani kula, ntakuja kukuchukua. Nikakaa. Watu wakaondoka, mie nimekaa. Kandili halikuja. Mwisho nikatoka peke yangu kizani, na mie njia ile sijapata kuipita bila ya taa, napapasa kuta. Nafika, mlango u wazi, chakula kimo sahanini, mtu hayumo. Majirani wakanambia wamekuja watu na gari, wamemwita kwa jina lake, na yeye kawafungulia."

"Wakampeleka wapi?"

"N'nauliza mpaka leo. Kila pa kuulizia nimeuliza. Hakuna alonambia yuko, hakuna alonambia hayuko." Aliutazama mlango juu ya kichwa changu. "Siku alochukuliwa mie sikuwamo nyumbani. Siku atakayorudi ntakuwamo."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, analia bila ya sauti. Nilielewa basi kwa nini kiti kinaelekea mlango, kwa nini Bibi alinyamaza kila zilipopita hatua za mtu kwenye ushoroba, na kwa nini hakuna harusi iliyomtoa. Nilielewa pia kwamba "yuko nyumbani" ya Mama ilikuwa ni kunificha na mimi. Nilimhurumia Bibi. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto mkaidi, na watu wazima pale waliposikia msiba mimi nilisikia jambo la mlango.

"Kwani akija atajuaje kama tuko hapa?" nikauliza.

"Anwani nimeacha kwa majirani, nimeacha kwa imamu, nimeacha kwa muuza mkate. Akitoka ataulizia."

"Akishaulizia akija, lazima umfungulie wewe? Hawezi kufunguliwa na mtu mwengine?"

"Mtu gani?"

"Mimi. We nenda na Mama. Mimi ntakaa kwenye kiti chako."

Niliyasema kabla sijayafikiri, halafu nikayafikiri, na nikaona maana yake: taa itakwenda bustanini bila yangu. Nilikuwa nimelitengeneza kandili lile ili mimi nitangulie na Bibi anifuate, watu wote waone. Nililiona tamasha zima likipita machoni mwangu na mimi simo. Niliuma mdomo, sikuyafuta maneno yangu.

Bibi alinikazia macho. "Humjui. Utamjuaje?"

"Niambie alivyo."

Nadhani ilikuwa miaka mtu hajamwomba hilo. "Mrefu," akaanza. "Anainama mlangoni hata mlango ukiwa mrefu. Ana kovu hapa kwenye nyusi, alianguka ngazini. Hapigi mlango kwa kidole, anapiga kwa kiganja. Akisema hodi haisemi kwa kelele." Akajigusa nywele. "Labda sasa ana mvi."

"Jina lake ntamuuliza?"

"Muulize. La baba yake pia."

"Akija nimwambie nini?"

"Mpe chai, asiweke sukari nyingi, itamdhuru. Mwambie mama yako katoka kidogo, anarudi." Akanishika bega. "Asiondoke. Sikiliza Rahma, hata akisema ntarudi, usimwache aondoke."

"Ntafunga mlango na ufunguo ntauweka mfukoni."

Mama akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Akasema mtoto haachwi peke yake ndani ya nyumba, hii nchi ina sheria zake, wakijua watu wa kaunsili itakuwa balaa. Nikaona kila kitu kinaanguka. Lakini Mama Jaspal, ambaye alikuwa bado kwenye ushoroba na shali yake na amesikia kila neno, akaingiza kichwa.

"Enda tu, dada," akamwambia Bibi. "Mimi iko. Mlango yangu naacha wazi, ya hii mtoto pia wazi, nasikia yote. Huyo kijana yako akikuja, sisi mbili tanakamata yeye."

Bibi akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaishika mikono ya kiti na kujiinua. Viatu vyake havikuingia, miguu imejaa, kwa hiyo Mama alimvisha mabuti yake ya kazini, na buibui juu, na juu ya buibui koti kubwa la Mama la bluu. Alionekana kichekesho na alionekana bi mkubwa wa mjini, vyote viwili. Mama akachukua kandili, akaliinua juu kama mtu anayetafuta paka darini.

"Lishushe," Bibi akasema. "Namulikiwa miguu, si uso. Na usiende mbio, we si polisi."

Wakatoka. Nilisimama kizingitini nikasikiliza mabuti yakishuka ngazi, moja, yakasimama, jingine, yakasimama, na sauti ya Bibi ikitoa amri. Yalipofika chini sikuyasikia tena. Nikaingia ndani, nikaurudisha mlango bila ya kuutia ufunguo, nikakaa kwenye kiti. Miguu yangu haikufika sakafuni.

Dirisha la jikoni letu lilitazama bustani. Ngoma zilipoanza nilijua kwamba nikisimama pale nitauona mstari wote ukizunguka ziwa, na katika samaki na nyota zote zile nitalijua la kwangu, kwa sababu ni taa peke yake iliyofanana na taa. Nitamwona Bibi anatembea. Sijapata kutaka kitu katika utoto wangu kama nilivyotaka kwenda kwenye dirisha lile. Zilikuwa hatua chache tu, na Mama Jaspal alikuwa pale pale. Sikwenda. Nilimwambia Bibi nitakaa mlangoni, na aliyekaa jikoni hakukaa mlangoni. Nikazisikiliza ngoma mpaka zikanyamaza.

Hatua zilipita kwenye ushoroba, nikajifunza kuzitenganisha. Mtoto anakimbia. Mwanamke na mifuko ya dukani. Halafu zikaja za mwanamme, nzito, hazina haraka, zikakaribia na kusimama hasa mbele ya mlango wetu. Akakohoa. Nilishuka kitini, nikakumbuka kovu, nikakumbuka kiganja, nikakumbuka chai na sukari. Nilikuwa na hakika. Nilifungua mlango uliokuwa umerudishwa, na nikamwona mtu mfupi wa flati ya mwisho anatafuta funguo zake mifukoni. Alinisalimia kwa Kiingereza akapita zake. Nilibaki nimeushika mlango, na kwa mara ya kwanza nikajua jinsi Bibi alivyokuwa akikaa pale, kila siku, kila hatua.

Nikarudi kwenye kiti nikangoja tena.

Mlango ulipobishwa nilikuwa tayari. "Nani?"

"Mie, fungua."

"Jina lako nani? Na la baba yako?"

Bibi akasema jina lake, na la baba yake, na la babu yake, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. Nikafungua. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa baridi na pua inamtoka maji. Mabuti ya Mama yamejaa tope mpaka juu. Mama nyuma yake ameshika kandili lililozimika, karatasi imeungua upande mmoja, naye anatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nalijua.

Nikampisha Bibi kwenye kiti. Hakukaa. Aliegemeza mkono ukutani akahema, akautazama ushoroba, sebule, jikoni, kwa zamu, kisha akanitazama mimi.

"Kaja mtu?"

"Hajaja mtu, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani atalia, na nilijiandaa kumshika. Mama alipiga magoti amvue mabuti, lakini Bibi hakuutoa mguu.

"Yaache," akamwambia. "Yasafishe tope, lakini yaache hapa mlangoni." Kisha kwangu: "Mama yako ananambia kesho Jumapili kuna soko. Nataka nikaone hizo mbirimbi mwenyewe. Utakaa?"

"Ntakaa."

"Na keshokutwa, ukirudi skuli?"

"Ntakaa."

"Kukaa hapa kunachosha, Rahma. Ukichoka sema, ntakaa mie, utoke wewe."

Nilikuwa nimechoka vibaya sana, na usingizi, na njaa, na nilikuwa sijaliona kandili langu likitembea hata hatua moja.

"Sichoki," nikamwambia.